Hodi ya Saa

Mwaka jana nilimtengenezea mjomba taa ya kuvulia dagaa. Yeye huvua kutoka mwalo wa Igombe, jijini Mwanza, katika siku za giza ambapo mwezi haushindani na taa. Alitaka jambo moja tu: taa iwake yenyewe saa mbili usiku, mikono yake ikiwa kwenye nyavu.

Ndani yake niliweka maikrokontrola na saa ndogo ya DS3231. Saa hiyo ina fuwele inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Gawa kwa mbili mara kumi na tano, utabaki na tetemo moja. Maikrokontrola haikeshi ikihesabu. Hulala ili betri isiishe, na wakati ukitimia saa huiamsha kwa kushusha umeme wa waya mmoja. Tendo hilo nililiandika daftarini kwa jina la "katizo". Neno halikuniridhisha, lakini niliendelea.

Usiku wa kwanza taa iliwaka. Usiku wa pili haikuwaka, na swichi sikuweka kwa kuhofia maji. Mjomba alikaa gizani akitazama taa za wenzake, akarudi alfajiri na mtumbwi mtupu. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Mpwa wangu, taa imesahau?"

Haikusahau. Saa ile ikishaamsha huweka alama katika kumbukumbu yake, na waya hubaki chini hadi programu iifute. Programu yangu haikuifuta. Usiku wa pili ulipofika, waya ulikuwa chini tangu jana. Hapakuwa na mshuko mpya wa kuamsha chochote.

Hapo ndipo nilipolipata neno. Katizo hukata likapita, halingoji jibu. Hii ilikuwa hodi. Mgeni alibisha, mwenyeji akaamka akawasha taa, lakini hakusema "karibu". Basi mgeni akabaki kizingitini, asibishe tena. Mtoto yeyote wa Kiswahili anajua kwamba hodi hungoja kuitikiwa. Mimi nilijisahaulisha kwa kuchagua neno lisilodai kitu.

Niliongeza mstari mmoja wa kufuta alama, nikaupa jina "karibu". Taa inawaka kila usiku wa uvuvi. Mapato ya usiku ule mjomba hajanidai, nami sijathubutu kumuuliza yalikuwa kiasi gani.

Malenga wenzangu, mwaonaje: tuiite hodi?