MWACHIE MAMA AENDE



Asubuhi ya leo fungua Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Ni sheria ndogo kuhusu kiota cha ndege: usimtwae mama pamoja na watoto wake. Lakini angalia ahadi iliyofungwa nayo: heri na siku nyingi.

Leo naisoma nikimfikiria ngege. Ukiagiza ngege Kisumu siku hizi, mara nyingi utaletewa tilapia wa Nile, mgeni aliyerithi jina. Ngege halisi, ambaye wanasayansi humwita Oreochromis esculentus, ndiye aliyelisha nyumba nyingi kando ya Ziwa Victoria zamani. Nyavu za kisasa zikaja mwaka wa 1905, akavuliwa kuliko alivyozaa. Miaka ya 1950 wakaletwa mbuta na huyo tilapia wa Nile. Katika ziwa kubwa, ngege akatoweka karibu kabisa.

Lakini Mungu alisaza. Kule Siaya, katika Ziwa Kanyaboli, ngege bado yuko. Ukuta wake ni mafunjo ya kinamasi cha Yala. Maji ya chini ya mafunjo yana hewa kidogo, na mbuta hayawezi.

Sasa sikia hili. Ngege jike hubeba mayai yake mdomoni mpaka yaanguliwe, na vifaranga wakitishika hukimbilia humo humo. Ukimvua wakati huo, umetwaa mama na watoto kwa mkono mmoja.

Nimehudumu kati ya wavuvi, najua karo haingoji. Hata sheria ile haikukataza kula. Ilikataza kumaliza. Kwa hiyo, ndugu mvuvi, weka kando wavu wa matundu madogo, na mahali wanapozalia pape mapumziko. Dada unayesuka mikeka, kata mafunjo ukiacha mengine yachipue. Wewe unayechoma kinamasi upate shamba, unabomoa ukuta. Na mfugaji, usimwage tilapia wa bwawani Kanyaboli, maana huzaana na ngege na uzao wake ukapotea.

Serikali iliitangaza Kanyaboli hifadhi ya kitaifa mwaka wa 2010. Lakini tangazo halishiki wavu. Wavu uko mkononi mwako.

Omba nami: Bwana, nifundishe kula leo bila kuwanyima watoto wangu kesho. Amina.

Ubarikiwe. Mtumie mvuvi mmoja ujumbe huu.