Mtungi wa gesi, mkopo wa maandazi na miezi tisa ya mahabusu

Wiki iliyopita nilipoandika kuhusu homa ya mtoto usiku, mama mmoja alitoka kabisa nje ya mada akaniuliza: "Nesi, hali ngumu hivi, vibaka wamejaa mtaani, kwa nini wasifungwe wote tukalala?" Nikaanza kumjibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Kiukweli swali hilo lina historia na mimi, ndiyo maana leo hakuna uji wala chanjo. Kaa hapa na mtoto wako tuongee.

Ilikuwa Septemba 2022. Mnaoishi Dar es Salaam mnaikumbuka ile Septemba, hofu ya panya road. Vijana wanaingia mtaani kwa kundi na mapanga, wanakata watu. Sisi wa huku Mbagala saa mbili usiku mlango umeshafungwa. Nilikuwa zamu siku moja akaletwa mama aliyekatwa mkono akimkinga mwanawe. Nilishika ile kidonda wakati daktari anashona, na mkisikia nasema jambo la huruma kwa mwizi huko mbele, kumbukeni kwamba mikono yangu hii imeshika kidonda hicho pia. Mtu anayemkata mama mbele ya watoto wake akae ndani, tena akae sana. Hapo sina mjadala.

Sasa wiki hiyohiyo nikaibiwa mtungi wa gesi. Jiko letu liko nje, halina mlango wa maana, tumeezeka bati tu. Asubuhi nimeamka nichemshe maji ya mtoto, mtungi hamna, ule mkubwa wa kilo 15, nimeujaza siku nne nyuma. Usiku wa tatu mwizi akarudi kufuata jiko lenyewe na masufuria. Safari hii vijana wa ulinzi shirikishi wakamwona. Nilishtushwa na filimbi, halafu kelele zile mnazozijua: mwizi, mwizi.

Nilipotoka walikuwa wameshamweka chini. Mtu ana tofali. Mwingine anauliza petroli iko wapi, anasema hawa ndio panya road wenyewe. Nikasogea na tochi ya simu, nikamulika uso. Namjua. Mtoto wa mama anayeuza maandazi na chapati pale kona, mama ambaye kila siku asubuhi nikitoka zamu ya usiku ananiambia "pole na kazi nesi" na kuniongezea andazi moja. Miaka 19. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakata. Nikamkandamiza kichwa na kanga yangu, damu ikaja mpaka kwenye kiwiko. Polisi wakafika, wakaandika PF3, akatibiwa.

Kwa hiyo nilimwokoa. Watu wakanisifu. Lakini asubuhi nikaenda kituoni kuandika maelezo, na niliyaandika kwa hasira yote ya mtungi wangu. Nilitaka afungwe. Nilisema neno hilo kwa mdomo wangu: "Afungwe ajifunze."

Mengine niliyajua taratibu, mengine kwa mama yake, mengine kwa binti mmoja nitakayemtaja. Wameniruhusu niandike, na vitu viwili vitatu nimevibadilisha ili msiwatambue.

Mwaka ule mnajua ulivyokuwa. Mafuta ya kula yamepanda, unga wa ngano umepanda, petroli imevuka shilingi 3,000 kwa lita. Angalia biashara ya yule mama: unga, mafuta, sukari. Vyote vitatu. Andazi la mia ukilifanya la mia na hamsini wateja wanahama, ukilipunguza ukubwa wanakucheka. Mtaji ukaliwa. Akachukua mkopo kwa wale watu wa kausha damu, laki tatu. Marejesho shilingi 12,000 kila siku kwa siku 30. Piga hesabu na mimi: 12,000 mara 30 ni 360,000. Riba asilimia 20 kwa mwezi mmoja! Wakati Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni. Lakini nani anauliza leseni wakati unga umeisha na watoto wanakuangalia?

Siku ya kwanza ukikosa kulipa kuna faini. Siku ya tatu wanakuja watano, wanakaa mlangoni. Walibeba friji, wakabeba godoro. Wanawake wenzake wawili waliomdhamini wakalipishwa sehemu ya deni, na kuanzia hapo hawakuongea naye tena. Kijana alikuwa deiwaka kwenye bodaboda ya mtu. Petroli ilipopanda, hesabu ya bosi ikabaki ileile, akawa anarudi nyumbani na elfu mbili, siku nyingine mikono mitupu. Akanyang'anywa pikipiki. Wiki mbili baadaye akaja jikoni kwangu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi umaskini unaiba. Mama yake ndiye alikuwa na deni, na mama yake hakugusa hata kijiko cha mtu. Mtaa mzima ule tulikuwa tumebanwa, wengi hatukuiba. Aliamua mwenyewe, na ameniambia hivyo mwenyewe. Mtungi aliuuza elfu thelathini. Elfu thelathini jamani!

Shitaka likawa wizi. Dhamana ilikuwa wazi. Na dhamana ni bure, mama zangu, shikeni hilo, usimpe mtu hela ya dhamana. Lakini lazima wapatikane wadhamini wawili, wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa, wasaini bondi. Sasa yule mama angemwendea nani? Watu wawili waliokuwa tayari kumdhamini duniani walikuwa ni walewale waliomdhamini kwenye mkopo. Ameshawaumiza. Hata ofisi ya mtaa aliogopa kwenda, maana wadai wake walikuwa wanamvizia pale. Deni lilelile lililomsukuma mtoto kwenye jiko langu ndilo lililomfungia mlango wa kutoka.

Akakaa mahabusu miezi tisa. Hajahukumiwa, yuko ndani. Na si yeye peke yake, kwa miaka mingi karibu nusu ya watu waliomo magereza yetu ni mahabusu wanaosubiri kesi. Kila siku 14 anapelekwa mahakamani, anarudishwa. Upelelezi haujakamilika. Hakimu ana udhuru. Halafu kuna mara mbili ambazo kesi iliahirishwa kwa sababu shahidi hakufika.

Shahidi huyo ni mimi.

Mara ya kwanza nilikuwa zamu, tuko wawili tu wodi nzima ya wazazi. Mara ya pili, niwaambie ukweli, nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimechoka, nikasema aah, wakaahirishe tu, mtungi wenyewe nimeshanunua mwingine. Sikujua kwamba "wakaahirishe tu" yangu ina maana mtu analala ubavu kwa ubavu na wenzake kwenye chumba kilichojaa, majuma mengine mawili. Nadhani nilijua. Sikutaka kufikiria.

Katika miezi hiyohiyo, kliniki yangu ya wajawazito ikaja binti wa miaka 18, mimba ya miezi sita, hajawahi hudhurio hata moja. Damu kidogo, presha nzuri. Tunaandika kadi, namuuliza jina la mwenza. Akanitajia. Kalamu ikasimama. Nikauliza yuko wapi, aje naye apime. Akaniangalia machoni akasema, "Yuko ndani, nesi. Kesi yako." Hakusema kwa ubaya, alinijibu swali tu.

Alijifungua Januari 2023, mtoto wa kike, kilo 2.4. Bibi wa maandazi ndiye aliyekuja na khanga.

Juni kijana akakubali kosa, akafungwa mwaka mmoja. Kwa msamaha wa theluthi aliotimiza kwa nidhamu, akatoka Februari 2024. Jumla amekaa ndani miezi 17 kwa mtungi wa gesi. Mtungi sikuupata.

Sasa ninyi mlioniuliza jela inafanya kazi au haifanyi, niwaeleze kwa macho ya nesi. Machi alikuja pale kwetu na kikohozi. Amekonda, jasho la usiku, suruali imefungwa kamba. Huko ndani walishampima wakamkuta na kifua kikuu na kumwanzishia dawa, na hilo nawapongeza. Lakini dozi ya TB ni miezi sita. Yeye alitoka ana miezi miwili tu, hana karatasi ya rufaa mkononi, na kwa sababu alishaanza kujisikia nafuu akaacha. Amerudi chumba kimoja na mama yake, mchumba wake na mtoto wa miezi 13. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya kupata TB gerezani ni mara kumi au zaidi ukilinganisha na mtaani, na huhitaji kuwa mtaalamu kuelewa kwa nini: watu wengi, hewa kidogo, usiku mrefu. Mahakama ilimhukumu mwaka mmoja, haikumhukumu TB. Wala haikumhukumu yule mtoto.

Tukampima upya, tukamwanzishia dozi, anakunywa dawa chini ya uangalizi. Mtoto tukamkagua, hakuwa mgonjwa, akapewa dawa za kinga. Hapa nisimame kidogo kama nesi wenu: kama nyumbani kuna mtu yeyote mwenye TB, mtoto wa chini ya miaka 5 aletwe kituoni hata kama anacheza na kula vizuri. Chanjo ya BCG ya begani inasaidia kuzuia ile TB kali ya watoto, haimaanishi hawezi kuambukizwa. Dawa ni bure. Na anayetoka gerezani, muulizeni bila aibu kama alikuwa kwenye dawa yoyote.

Kuna sheria tunayo tangu 2002, Sheria ya Huduma kwa Jamii. Mtu akipatikana na kosa ambalo adhabu yake haizidi kifungo cha miaka mitatu, mahakama inaweza, akikubali mwenyewe, kumpa kazi za jamii bila malipo badala ya kumfunga: afyeke, asafishe soko, hospitali, analala kwake. Mimi sikuijua mpaka afisa ustawi wa jamii wa pale kazini aliponiambia, wakati kijana ameshatoka. Sijui kama hakimu angekubali. Lakini ningejua, ningefika mahakamani zile siku mbili na ningesema mdomo wangu huohuo uliosema afungwe.

Na kuna jambo linanikera. Septemba 2019 Rais Magufuli alitoa siku saba kwa watuhumiwa wa uhujumu uchumi wakiri na kurudisha hela. Wakajitokeza 467, wakaahidi shilingi bilioni 107.8. Najua utaratibu ule baadaye ulilalamikiwa sana, sitaki kuingia huko. Ninachouliza mimi ni hiki: kama kwenye mabilioni tuliona afadhali hela irudi kuliko mtu akae ndani, kwa nini kwenye mtungi wa gesi hakuna aliyeniuliza, "Mama, unataka mtungi wako au unataka afungwe?" Desemba mwaka huohuo alisamehe wafungwa 5,533 kwa siku moja. Tukishajaza ndio tunasamehe kwa mkupuo.

Msiniletee ile ya "nesi siku ukikatwa panga utajua." Nimeshasema, mwenye panga akae ndani. Nina hofu kama ninyi, na jiko langu sasa lina mlango wa chuma. Ila wa panga na wa mtungi tukiwalaza chumba kimoja miezi 17, nani atamfundisha mwenzake kazi? Kijana ameniambia alipata ofa mbili za "dili" siku anatoka. Mbili. Ofa ya kazi halali hakupata hata moja mpaka leo, kila mtu anakumbuka filimbi ya usiku ule. Mimi mwenyewe nilikuwa na fundi wa tofali nikataka msaidizi, jina lake likanijia kichwani, nikamchukua mwingine. Nawaambia tu ili msidhani naandika kutoka mahali pa juu.

Dozi alimaliza. Siku ya makohozi ya mwisho alileta na mtoto apimwe uzito, kilo 9.6, mstari wa kijani. Mtoto kaninyooshea mikono nimbebe. Baba yake akatoa bahasha ya khaki mfukoni, elfu kumi ndani, akasema, "Ya mtungi, mama. Nitakuwa naleta kidogo kidogo." Nikamwambia akamnunulie mtoto maziwa. Akakataa. Tukavutana pale mlangoni mpaka wagonjwa wakaanza kutuangalia. Nikaipokea. Ameshaleta mara tatu.

Mama yake bado ana deni, sasa kwa kikundi cha akina mama, riba wanagawana wenyewe. Maandazi ni mia mbili siku hizi.

Wiki ijayo tunarudi kwenye chakula cha mtoto wa miezi sita, nimeahidi. Mwenye swali la TB kwa mtoto aulize hapa hapa leo, nipo zamu ya usiku, nikipata nafasi najibu.