Mto Unaojaa Jua Likiwaka

Shemeji, mume wa dada yangu, alinipokea kituo cha reli cha Bern na swali moja: "Umekuja na viatu vya kutembea au vya harusi?" Nilikuwa nimevaa raba. Akaziangalia, akanyamaza. Kesho yake alfajiri, mwezi Julai, tukapanda treni ya Interlaken kwenda kuutazama mto anaouita "mto wangu mdogo", ingawa yeye ni mzaliwa wa Pangani, na mtu wa Pangani ana mto wake tayari.

Mimi ni wa Marangu. Kwa hiyo njia nzima tulibishana ubishi wetu wa miaka yote. Namwambia watu wa Pangani wanakunywa mabaki yetu ya Kilimanjaro. Ananijibu kwamba maji hayana mwenyewe mpaka yafike baharini.

Mto wenyewe unaitwa Lütschine. Kwenye ramani ya Ulaya hauonekani: tangu kichwani mwa bonde hadi ziwani haufiki kilomita 30. Tuliamua kuupanda kutoka mdomoni, na saa mbili na nusu asubuhi tukashuka basi Bönigen, kijiji kilicho ukingoni mwa Ziwa Brienz, mita 564 juu ya usawa wa bahari.

Nilitarajia maji maangavu kama yale ya kwenye kalenda. Yaliyokuja yalikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Nikadhani kuna mtu anachimba mchanga huko juu. Shemeji akacheka, akachota kiganjani, akaniambia nisugue kwa vidole. Kulikuwa na ukakasi kidogo, kama wa unga uliosagwa mara mbili. Na kweli ni unga. Barafuto, ile mito ya barafu inayotambaa polepole mabondeni kwa uzito wake yenyewe, husaga mwamba ulio chini yake mpaka ukawa vumbi laini lisilotuama upesi. Mto huubeba unga huo hadi ziwani, na chembe zinazobaki zikielea ndizo zinazolipa Ziwa Brienz ile rangi ya kijani na buluu ambayo watalii husafiri mbali kuja kuipiga picha. Wanapiga picha ya mawe yaliyosagwa.

Kutoka Bönigen njia hufuata tuta, na mto uko katikati umenyooka kama mtaro. Unyoofu huo ulinitia shaka, na shaka yangu haikuwa ya bure. Zamani za kale hapa palikuwa na ziwa moja refu. Vijito vya milimani, Lütschine ukiwa mkubwa wao, vikamwaga kokoto na mchanga katikati yake mpaka ukatokea uwanda uliolikata vipande viwili, Thun na Brienz. Mji ulioota juu ya uwanda huo ukaitwa Interlaken, jina la Kilatini lenye maana ya "kati ya maziwa". Kisha, katika zama za kati, watawa wa monasteri ya hapo wakauhamisha mto, wakauelekeza Ziwa Brienz. Niliposikia hivyo nilisimama. Sisi Wachagga tumechimba mifongo vizazi kwa vizazi, tukiyapitisha maji ubavuni mwa mlima mpaka migombani, lakini sijapata kusikia mtu akiuhamisha mto wote ili usimsumbue.

Na bado unasumbua. Agosti 2005, baada ya mvua kubwa, Lütschine ulifurika, ukaharibu reli na barabara.

Baada ya Wilderswil bonde linabana na maji yanaanza kupiga kelele. Zweilütschinen, mita 652, ni kituo cha treni na nyumba chache. Maana ya jina ni "Lütschine mbili". Hapa ndipo Lütschine Nyeupe itokayo Lauterbrunnen inapokutana na Lütschine Nyeusi itokayo Grindelwald. Ile ya pili hupita kwenye miamba myeusi inayomeguka kama vigae, ikachukua rangi yake. Siku hiyo niliona kijivu na kijivu zaidi, na sitamdanganya mtu kwamba niliona weusi. "Kama Kikuletwa na Ruvu," shemeji akasema, "ila hapa hakuna bwawa la Nyumba ya Mungu." Alikuwa amekumbuka kwao.

Treni ikatuvusha hadi Lauterbrunnen. Bonde hili lina umbo la hori la ng'ombe: sakafu bapa ya majani, kuta mbili za mwamba zilizosimama wima. Barafuto kubwa ya zama zilizopita ndiyo iliyolichonga hivyo. Kwa kuwa vijito vya pembeni vilibaki juu wakati bonde linachimbwa chini, sasa havina njia ya kushukia ila kujitupa. Watu husema maporomoko yako 72. Sikuyahesabu. La Staubbach, karibu na kanisa, lina mita 297, na jina lake ni "kijito cha vumbi", kwa sababu maji huvunjika hewani, yakafika chini yakiwa ukungu. Goethe alilitazama mwaka 1779 akatunga shairi. Mimi nilipanda kijia cha nyuma yake, nikashuka na sweta lililolowa chepechepe.

Ndipo nikafanya kosa. Tulikula chapati za dada kwenye ukingo wa kokoto, karibu na Trümmelbach, saa sita kamili, jua likiwaka bila wingu. Nikalitandaza sweta juu ya jiwe lenye joto. Nikauliza kama litaibiwa. "Hapa?" shemeji akasema. "Nani achukue sweta la mitumba?" Tukaliacha, tukapanda hadi Stechelberg, barabara inapokomea. Mbele yake ni vijia, ng'ombe wenye kengele, na huko juu barafu yenyewe.

Njiani aliniuliza kuhusu Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Nikamwambia ukweli ambao wageni hawaupendi: mito yetu ya Kilimanjaro inatoka zaidi msituni, kwenye mvua na ukungu unaonaswa na miti, barafu huchangia kidogo mno. Kati ya 1912 na 2007 kilele kilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Msitu ukikatwa, hapo ndipo tutalia. Kwake Lütschine mambo ni mengine. Majira ya baridi mto hunywea, kwa kuwa maji mengi yameganda huko juu, kiangazi hujaa. Mwaka 2022 na 2023 pekee, Uswisi ilipoteza karibu sehemu moja ya kumi ya barafuto zake zote. Leo mto unakula akiba.

Saa kumi tukaingia Trümmelbach, ambako maji ya barafuto za Eiger, Mönch na Jungfrau hushuka ndani ya tumbo la mlima kupitia maporomoko kumi. Lifti hukupandisha kwenye handaki, kisha unateremka kwa ngazi zenye utelezi huku mwamba ukitetemeka chini ya viganja. Hufika lita 20,000 kwa sekunde. Tuliongea kwa ishara. Wakati huo nilishangaa tu. Sikufikiri kwamba maji yale yote yalikuwa yanaenda kwenye jiwe langu.

Tuliporudi, jiwe halikuwepo. Ukingo tuliokalia ulikuwa mto. Sikuona tone la mvua siku nzima, na kwetu mto haujai pasipo mvua, iwe hapa au huko juu. Shemeji alikaa chini akacheka mpaka machozi. Hapa, akasema, jua ndiyo masika: linachoma barafu tangu asubuhi, na maji hufika bondeni alasiri na jioni. Usiku barafu hupoa, asubuhi mto hupungua. Alilijua hilo miaka yote na hakulikumbuka sweta.

Kama halikunasa popote, litakuwa limelala Ziwa Brienz. Likiendelea, litaingia mto Aare, lipite Bern karibu na kwa dada, lifike Rhine na Bahari ya Kaskazini. Lilikuwa la buluu.

Ukienda, nenda Julai, na usianike nguo ukingoni baada ya saa sita. Wala usianike kwenye uzio wa ng'ombe: una umeme. Hilo nalo tulilijua siku hiyohiyo.