Vyombo vya Kuazimana: Mwezi Mmoja Magindu

Katika Sura ya An-Nahl Mwenyezi Mungu anatukumbusha neema ambayo wengi wetu twaipita bila ya kuishukuru. Amezijaalia nyumba zetu ziwe mahali pa utulivu. Na kutokana na ngozi za wanyama ametupa nyumba nyepesi, za kuchukua siku ya safari na siku ya kutua. Na kutokana na sufi na manyoya na nywele zao ametupa vyombo vya kutumia mpaka muda maalumu. Neno hili la muda ndilo tutakalo kulizungumza na wasomaji wetu. Vyombo vya kila nyumba ya dunia ni vya muda, lakini jambo hili laonekana wazi zaidi katika nyumba ya kukaa siku za mapumziko.

Wako ndugu zetu waliojaaliwa kukodi nyumba za namna hiyo ng'ambo, Maskati, Dubai au Istanbul, na huko hukuta kila kitu kimekwisha pangwa: vitanda, makochi, mazulia na hata vikombe vya chai. Hilo ni halali yao, wala hatuwalaumu. Sisi, shule zilipofungwa mwezi wa Juni, tulikwenda karibu zaidi. Tulikwenda Magindu, tukakodi nyumba ya vyumba viwili na ukumbi, isiyo na chombo hata kimoja.

Magindu ni kata katika Wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani, na kusini ya wilaya hiyo ni nchi ya Kisarawe. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, yapita katika wilaya hii kwa Soga na Ruvu. Na treni za umeme, zilizoanza kuchukua abiria baina ya miji hiyo miwili mwezi wa Juni 2024, nazo zina vituo mahali hapo. Kutoka relini safari ya mwisho ni ya gari au pikipiki. Wenyeji ni Wakwere na Wazaramo, wakulima wa mihogo na mahindi, na pamoja nao wako wafugaji waliohamia na ng'ombe wao. Basi aya tuliyoitaja huonekana hapa kwa macho: upande huu nyumba ya mkulima, ya miti na udongo, iliyotulia mahali pake, upande ule boma la mfugaji, ambaye malisho yakimwita huinuka akaenda.

Kabla ya kitanda kuingia mlangoni, tulitafuta kibla. Kutoka nchi hii Makka iko kaskazini, na kuegemea mashariki kidogo sana. Wengi hukisia kwa jua la asubuhi, lakini katika Juni jua huchomoza limejitenga na mashariki kuelekea kaskazini, na mwenye kukisia kwalo huweza kupotoka. Iliyo bora ni dira. Na asiye nayo asimike kijiti uani wakati wa adhuhuri. Katika mwezi huo jua la adhuhuri huwa kaskazini yetu, na kivuli kikiwa kifupi kabisa huanguka kusini. Ukikipa kivuli hicho mgongo, umeikaribia kibla. Watoto walikifanya kipimo hiki wenyewe, wakatandika misala bila ya kuambiwa tena.

Choo cha uani nacho kilihitaji kutengenezwa, na fundi alitaka kujua kielekee wapi. Mtume (s.a.w.) aliwakataza watu kuielekea kibla au kuipa mgongo wakati wa haja, akawaamrisha waelekee mashariki au magharibi. Amri hiyo waliambiwa watu wa Madina, ambao kibla chao ni kusini. Sisi kibla chetu ni kaskazini, kwa hiyo maneno yale yale yatufaa bila ya kugeuzwa.

Likazuka swali la sala: je, tupunguze, kwa kuwa sisi ni wasafiri? Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu wa pwani, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, husali sala kamili tangu afikapo. Sisi tulinuia mwezi. Jambo hili lilitutia katika fikira nyingine. Ikiwa sharia imetuhesabu kuwa wakaazi mbele ya sala, vipi sisi tujihesabu kuwa wapita njia mbele ya haki ya jirani?

Haki ya kwanza ni ya maji. Mtu wa Dar es Salaam afikaye Kibaha ni mdeni kabla hajatua mzigo wake. Maji ya jiji kwa sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu: mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, ulianza kazi mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, mwaka 1976. Mjini hufungua bomba na kuliacha likimwagika; huku maji huja kwa madumu juu ya baiskeli, na kila dumu ni jasho la mtu. Tulinunua mitungi miwili ya udongo, ndoo tatu na kata ya kifuu cha nazi. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo wazee wetu huiita kibaba, nayo ni yapata thuluthi mbili za lita, na akikoga kwa pishi moja hata vibaba vitano. Tulitenga kopo la kadiri hiyo kando ya mtungi. Siku mbili za mwanzo vijana walinung'unika, lakini juma halikwisha ila wao ndio waliokuwa wakiwakumbusha wakubwa.

Kisha vitanda. Imo katika Sahihi ya Muslim Hadithi yenye kutufundisha kwamba tandiko moja ni la mume, jingine la mkewe, la tatu la mgeni, na la nne ni la Shetani. Wanazuoni wameeleza kwamba makusudio yake ni kukataza ziada ya kujifaharisha, wala si kuwalaza watoto chini. Fundi wa kijijini alitufanyia vitanda vya kamba kwa hesabu ya walalao, na kimoja cha mgeni. Mikeka tulinunua kwa mama mmoja jirani, ambaye husuka ukili wa ukindu mbele ya mlango wake na kuushona mwenyewe. Vyandarua tulivileta kutoka mjini, kwa kuwa mbu wa pwani hana mapumziko. Makochi hatukuleta. Ukumbi ulitandikwa mikeka, na kumi wakaweza kukaa mahali ambapo makochi yangewatosha wanne.

Tulidhani kazi imekwisha, kumbe vyombo vya nyumba vilikuwa havijakamilika. Siku ya tatu mzee jirani alipiga hodi, akaomba sufuria yetu kubwa kwa akika ya mjukuu wake. Jioni ilirudi imesuguliwa, na ndani yake sahani ya wali na nyama. Kesho yake sisi tuliazima kwake kinu na mchi. Baadaye kijana wa Kimasai aliazima ndoo, na ikarudi na maziwa ndani yake. Ndipo tulipoikumbuka Sura ya Al-Maun, ambayo watoto wetu huihifadhi mapema chuoni. Mwenyezi Mungu amewataja humo watu wanaosali kisha wakawanyima wenzao al-maun, na Ibn Masud (r.a.) ameeleza kuwa ni vyombo vya kuazimana, kama ndoo na chungu. Tazama jinsi jambo tunaloliona dogo lilivyowekwa pamoja na kughafilika na sala!

Wazee wamesema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kuwa ulikuwa msimu wa mavuno, vijana wetu walipewa makapu badala ya jembe, wakaingia shambani kuvuna mahindi pamoja na vijana wenzao. Kijana aliyezoea kuona unga katika mfuko wa dukani alijua mkono uliotangulia mfuko huo.

Twayasema haya kwa sababu leo watu wengi wa mjini hununua ardhi katika Mkoa wa Pwani, wakazungusha ukuta, wakajenga nyumba nzuri, wakaijaza vyombo vya thamani, kisha wakaja mara moja kwa mwaka. Pengine njia ya kisimani iliyokuwa ikipita hapo hukatika, na jirani hamjui mwenye nyumba hata kwa sura. Nyumba kama hiyo ina kila chombo isipokuwa kile cha kuazima. Mwenye kujenga na ajenge, lakini aulize kwanza njia za watu zapita wapi, na aweke mlango unaobisheka.

Mwezi ulipokwisha, vitanda tulimwachia mwenye nyumba, mitungi na mikeka tuliwagawia majirani, na sufuria kubwa tuliiweka msikitini iwe wakfu kwa shughuli za kijiji. Mzigo wa kurudi ulikuwa mwepesi kuliko ule wa kuja.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu, za muda mfupi na za muda mrefu, ziwe na utulivu kwa wenyewe na manufaa kwa majirani, na atuepushe na mali inayofungiwa mlango. Amin.