Kusi Inapomwaga Maji Yake

Msomaji mpenzi, mwezi wa Juni upepo wa kusi huvuma kwa nguvu pwani yetu, na wavuvi wengi hupandisha ngalawa zao mchangani. Je, umepata kujiuliza upepo ule unakwenda wapi? Haya, tuufuate.

Unavuka ikweta, unapita mbio kando ya Somalia, na kwa sababu dunia inajizungusha, unapinda kulia na kushika njia ya Bara Hindi, njia ile ile ya majahazi ya zamani. Huko nchi kavu imechomwa na jua tangu Machi. Hewa ya moto hupanda, na hewa ya baharini huja kushika mahali pake, ikiwa imebeba mvuke wa safari nzima. Sehemu yake hupita Ghuba ya Bengali, ikavuka tambarare za Bangladesh bila kizuizi, kisha ghafula ikakutana na milima ya Khasi katika jimbo la Meghalaya. Haina budi kupanda zaidi ya mita 1,000. Ikipanda hupoa, na ikipoa hulazimika kuutua mzigo wake.

Na mzigo wenyewe! Huko Cherrapunji, ambako wenyeji huita Sohra, zilinyesha milimeta 26,461 tangu Agosti 1860 mpaka Julai 1861. Maji hayo kama yangalisimama pasipo kutiririka, yangalifunika mnazi mrefu. Wakulima huvaa mgongoni knup, kitu cha mianzi na majani mfano wa gamba la kobe, wapate kulima kwa mikono yote miwili. Mwavuli wangu huko ungekuwa mzaha tu.

Tena mara nyingine mkanda wa hewa nyepesi, ambao kwa kawaida hulala katikati ya Bara Hindi, husogea kaskazini mpaka chini ya Himalaya. Hapo mkulima wa katikati hutazama mbingu kavu, na Khasi mvua huzidi kipimo. Tarehe 17 Juni 2022 kijiji cha jirani, Mawsynram, kilipata zaidi ya milimeta 1,000 kwa siku moja. Mwezi huo mafuriko ya Sylhet, huko chini Bangladesh, yaliwapata watu mamilioni.

Lakini mwezi wa Desemba mama wa Sohra hutoka na ndoo kutafuta maji. Upepo umekwisha kugeuka, sasa watoka bara penye ukavu. Udongo juu ya mwamba ni haba, na mvua ya Juni imekwisha kwenda zake Bangladesh.