Sarufi na Kompyuta

Wengi hudhani sarufi ni ya mtihani tu. Sivyo. Mwaka 1983 mtaalamu Russell Abbott alieleza jinsi ya kuunda programu kutokana na maelezo ya kawaida: majina huwa aina za vitu, vitendo huwa kazi zake.

Nami niliipima hivyo kanuni ya maktaba yetu: “Mwanafunzi akimpa mwenzake kitabu, nacho kikapotea, atalipa.” Majina: mwanafunzi, mwenzake, kitabu. Vitendo: kupa, kupotea, kulipa. Lakini atalipa nani? Mwandishi wa programu akikisia, huenda akadaiwa asiye na kosa. Nilimwuliza mwalimu, na kanuni ikaandikwa upya.

Basi tuipende sarufi. Herufi “a” moja yaweza kumtoza maskini fedha bure.