Makopo ya samaki na mtoto mgongoni

Wengi mmetuuliza tuliona nini Kanada tulipokwenda na Mama kumtembelea yaya wetu. Tutawaambia jambo moja tu, maana ndilo lililotubakia moyoni.

Siku moja ya mapumziko yaya alitupeleka Steveston, karibu na Vancouver, pale mto Fraser unapoingia baharini. Hapo pana kiwanda cha mbao kilichojengwa mwaka 1894 juu ya nguzo, ukingoni mwa maji. Kinaitwa Gulf of Georgia Cannery, na leo ni makumbusho. Zamani walitia humo salmoni katika makopo, yule samaki wa baharini anayepanda mto kwenda kuzaa. Mwaka 1897 peke yake yalitoka makopo zaidi ya milioni 2.5.

Mashine zingalipo, na harufu tulidhani tunaisikia bado. Mwanzoni Wachina ndio waliokata vichwa na mapezi kwa kisu. Halafu ikaja mashine ikachukua kazi yao, ikapewa jina la kuwatukana Wachina walewale! Kuosha samaki na kujaza makopo ilikuwa kazi ya wanawake, wenyeji wa asili wa nchi ile na Wajapani. Walilipwa kwa hesabu ya walichojaza. Wengine walifanya kazi hiyo na mtoto mgongoni.

Hapo Mama akasimama. Miaka mingi aliuza sambaza kando ya ziwa Kivu, na sisi wote tulikulia mgongoni mwake tukinuka samaki.

"Na mtoto akilia?" akauliza.

Yaya ndiye aliyejibu. "Afadhali hao, Mama. Walimsikia akilia." Yeye anafunga nyama ya kuku kiwandani. Mtoto haruhusiwi kuingia, basi saa kumi na moja alfajiri anamwacha kwa jirani, na sehemu kubwa ya mshahara inabaki huko. Sisi hatukuwa tunajua. Kwenye simu kila mara alituambia mambo ni sawa tu.

Mama hakusema neno. Alimtoa mjukuu katika kigari, akamfunga mgongoni kwa kitenge, na hivyo wakamaliza kuyatazama makumbusho.

Tulirudi Bukavu bila yeye. Viza yake inafika mpaka mwezi wa kumi na mbili.